Strima yenye amplifaya ndani, imetengenezwa hapahapa Dar: nimekaa nayo miezi saba

Kwanza niseme hii kitu nimeinunua kwa hela yangu, laki nane na themanini, sijapewa bure wala sijaombwa niandike. Naandika kwa sababu karibu mwaka mzima nilikuwa nazunguka kutafuta kifaa kimoja tu cha kupiga muziki wa intaneti sebuleni, na kila duka nililoingia Kariakoo jibu lilikuwa chukua sabufa. Sabufa sitaki. Nina spika mbili za mbao za Kijapani ambazo baba alizinunua miaka ya 80, omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), zile sponji za kuzunguka koni zilikuwa zimeoza nikabadilisha, vingine vyote vizima, na spika kama zile zinataka amplifaya iliyotulia.

Kwa ambao hawajawahi kuitumia, strima inaingia kwenye wifi ya nyumbani na kuvuta muziki yenyewe. Sio kama Bluetooth ambako simu ndo inabeba mzigo wote, yaani ukipigiwa muziki unakatika, ukienda nayo jikoni unaanza kukwamakwama. Kwenye strima simu inabaki rimoti tu, ukishachagua wimbo unaweza hata kuzima simu ukalala na muziki ukaendelea. Ikiwa na amplifaya ndani ndo raha zaidi, unachomeka waya za spika nyuma, unachomeka umeme, basi. Huko nje zipo za viwandani, WiiM Amp ilitoka 2023 kwa dola 299, kuna Bluesound Powernode, kuna Naim Uniti Atom ambayo bei yake mi siiwezi. Ile ya dola 299 nilikaribia kuagiza kabisa, ila ukiweka usafiri na ushuru inapanda, alafu ikizingua nampelekea nani? Ndo rafiki yangu akaniambia kuna kijana anazitengeneza mwenyewe, chumba cha nyuma nyumbani kwao, boksi anakatiwa na mafundi wa eneo la Gerezani. Jina na namba yake siweki hapa, ameniomba, oda zimemjaa na kifaa chenye wifi kinatakiwa kupita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza kabla hajaanza kukitangaza, na mi naona yuko sahihi kusubiri.

Siku ya kwanza nimefika nikamuuliza swali ambalo kila mtu anauliza, fundi hii ina wati ngapi. Hakunijibu. Akavuta sabufa ya mteja iliyokuwa pale kwa matengenezo, mbele imeandikwa 5000W PMPO (hizo ni wati za matangazo, sio nguvu halisi), akaigeuza nyuma akanionyesha pale pameandikwa umeme unaoingia, wati 60. Akasema dada, kifaa hakiwezi kutoa kisichokula. Aisee nilisimama pale nikawaza sabufa zote nilizowahi kuona kwa watu, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia miaka yote. Ya kwake ina pawa saplai ya volti 36 na ampia 5, zidisha mwenyewe ni wati 180, na kwenye boksi kaandika wati 65 kila upande kwa spika za omu 8. Chipu aliyotumia ni TPA3255 ya Texas Instruments, na karatasi ya kiwanda inasema inafika wati 315 kila upande, ila hapo ni kwa spika za omu 4, voltaji juu ya 50, na sauti ikiwa imeshaharibika kwa asilimia 10. Angeweza kuandika hiyo 315 kwa herufi kubwa na wateja wangefurahi. Hakuandika. Kwangu mi oda niliiweka pale pale kabla hata sijasikia muziki.

Ndani kuna Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, ndo ubongo wenyewe, juu yake kuna bodi ndogo yenye chipu ya PCM5122 inayogeuza namba kuwa sauti, alafu hiyo amplifaya. Nilimuuliza kwa nini asitumie PCM5102 ambayo ni rahisi na imejaa mtandaoni, akasema kwa sababu ya voliumu, PCM5122 unaipandisha na kuishusha sauti ndani ya chipu yenyewe kwa hiyo kitufe cha kuzungusha kinaongea nayo moja kwa moja. Na kitufe chenyewe kiko mbele, kikubwa, cha chuma, kinazunguka taratibu bila kukwama. Hilo lilikuwa sharti langu. Baba hataki simu, amesema toka mwanzo yeye muziki anaufungua kwa mkono.

Ila jamani toleo la kwanza alilonipa lilikuwa na matatizo na nayasema yote. Ukiwasha spika zinapiga TUP kubwa mpaka koni inaruka, kwa spika za umri ule moyo wangu ulikuwa unaumia kila nikiwasha. Alafu usiku kukiwa kimya unasikia mlio mwembamba kama mbu kwenye spika, na unabadilika kila kifaa kikivuta data. Nikamrudishia baada ya siku tisa. Hakubisha, alikaa nayo wiki mbili akanieleza alichokosea. Umeme wa Raspberry alikuwa anauchota kwenye saplai ileile ya amplifaya kupitia bodi ndogo ya kushusha voltaji kutoka 36 mpaka 5, kwa hiyo kelele za kompyuta zilikuwa zinapita kwenye eathi zinaingia kwenye sauti. Akaweka saplai mbili tofauti, eathi akazikutanisha sehemu moja tu, mbu akapotea. Nimeweka sikio kwenye spika kabisa na voliumu juu bila wimbo, kuna kashshsh kadogo sana ka kawaida basi. Na ile TUP, chipu ya amplifaya ina mguu maalumu wa kuizuia isifunguke, akauunganisha na Raspberry ili amplifaya iwe ya mwisho kuamka na ya kwanza kulala.

Kitu ambacho kwa hapa kwetu naona ni muhimu kuliko hata chipu ni umeme kukatika. Raspberry inawaka kutoka kwenye memori kadi kama ya simu, sasa umeme ukikatika ghafla wakati inaandika kitu kwenye kadi, kadi inaweza kuharibika na kifaa kisiwake tena. Toleo la kwanza lilikuwa na programu moja ya bure nzuri sana kwa macho, picha za albamu na kila kitu, umeme ukakatika mara tatu jioni moja, kesho yake kimya. Sasa amehamia piCorePlayer, hii ikishawaka inahamia yote kwenye RAM na kadi inaachwa ipumzike, kwa hiyo kuchomoa waya ghafla haina neno. Miezi mitano iliyofuata umeme umekatika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na kila ukirudi kifaa kinaamka chenyewe kwa kama nusu dakika. Kwa mtu anayetengeneza kifaa cha kuuza hapa, hilo ndo la kwanza kufikiria, sio picha za albamu.

Na kuna hadithi nyuma ya hiyo programu ambayo mi niliipenda. Inatumia seva iliyoanzia kwenye Squeezebox, strima za kampuni ya Slim Devices, Logitech wakainunua kampuni 2006 na 2012 wakaacha kuzitengeneza. Kwa kawaida hapo ndo mwisho, kifaa ulichonunua kinageuka tofali. Lakini programu ilikuwa wazi, yaani yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuirekebisha, watu wakaendelea kuitunza wenyewe mpaka leo, sasa hivi inaitwa Lyrion Music Server. Fundi anasema ndo maana aliichagua, yeye akiumwa, akihama, akiacha biashara, boksi langu litaendelea kupiga kwa sababu halitegemei seva yake wala akaunti yake. Naomba wanaonunua vifaa vya intaneti vya aina yoyote wawe wanauliza hilo swali.

Upande wa huduma, Spotify inaingia vizuri, unaliona boksi kwenye simu unaligusa inaanza, ila lazima uwe na Premium, ya bure haikubali. Wenye iPhone wanarusha kwa AirPlay. Boomplay na YouTube mi napitisha kwa Bluetooth. Nyimbo zangu mwenyewe, kaseti na CD za baba nilizozihamisha kwenye mafaili ya FLAC, yanayobana muziki bila kupunguza ubora, ziko kwenye diski iliyochomekwa nyuma, hizo hazili bando hata kidogo. Na bando liangalieni, Spotify kwa kilobiti 320 kwa sekunde inakula kama MB 144 kwa saa, ubora wa CD bila kubanwa ni kilobiti 1411 kwa sekunde, hiyo ni kama MB 635 kwa saa, FLAC inapunguza kiasi fulani lakini bado ni nyingi. Ukiwa unatumia hotspoti ya simu utalia.

Sauti sasa. Nimeweka taarabu ya zamani ya Zanzibar, zile rekodi zenye fidla nyingi na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), na kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu nimesikia kanuni imekaa sehemu yake na fidla zimekaa sehemu yake, sio uji mmoja. Dumbaki unasikia ngozi, unasikia vidole, na mlio ukiisha umeisha, hauburuzi. Kwenye dansi gitaa mbili zinazojibizana ziko kushoto na kulia wazi kabisa, na besi unaifuata noti kwa noti. Aliyezoea sabufa ataniambia besi ndogo. Nakubali ni ndogo kwa wingi, kishindo cha kutikisa kabati hakipo, lakini ni besi ya gitaa la besi, ina sauti ya nyuzi. Ninachokipenda zaidi ni usiku voliumu ikiwa chini kabisa watoto wamelala, muziki bado umekamilika, haukonduki. Nikipandisha sana karibu na mwisho sauti za waimbaji wa kike zinaanza kuwa kali, sina hakika kama ni amplifaya au ni spika zangu, lakini huko juu siendi zaidi ya mara moja kwa mwezi.

Joto. Nilikuwa na wasiwasi maana Januari ndani kwetu panachemka na fundi hakuweka feni, kasema feni inavuta vumbi na ina kelele. Chipu hii pedi yake ya joto iko juu, ameibana kwenye aluminiamu ya boksi lenyewe kwa hiyo boksi zima ndo linapoza. Nimepiga masaa manne mfululizo nikaweka kiganja, vuguvugu tu, hizi amplifaya za klasi D umeme mwingi unaenda kwenye spika badala ya kupotea kuwa joto. Mama alikuwa ameshaweka kitambaa cha kufuma juu yake, nikamuomba akihamishie kwenye tivii, akaelewa. Matundu ya hewa yana wavu mwembamba sana wa chuma, kwa ajili ya mende na mijusi, na aliyewahi kufungua redio akakuta mjusi amekaukia kwenye bodi anajua kwa nini nimefurahi.

Ambacho sijafurahia. Boksi la chuma linaziba wifi, Raspberry Pi 4 haina sehemu ya kuchomeka antena, kwa hiyo ameweka kidude cha wifi cha USB na antena imetokeza nyuma kama pembe, kama unaweka ndani ya shelfu inakera. Mi nimevuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta nimemaliza, na kwa waya muziki haujakwama hata mara moja. Rimoti hakuna. Sehemu ya HDMI kwa ajili ya tivii hakuna, wakati ile WiiM inayo, na kwa wengi hilo litaamua. Ukurasa wa kuendeshea kwenye simu unafanya kazi vizuri ila ni wa kizamani, mgeni anahitaji kufundishwa. Skrubu za kuchomekea waya za spika zilianza kushika kutu mwezi wa tatu, tuko Kigamboni hewa ya chumvi, akabadilisha bure akaweka za shaba. Na aliniahidi wiki tatu nikasubiri saba, hilo nililisema mbele yake na nalisema hapa.

Cha mwisho ni baba. Aliona nazungusha kitufe akaomba na yeye cha kwake, lakini bila simu kabisa. Fundi akaongeza vitufe vinne mbele, kila kimoja kina kazi moja: cha kwanza stesheni yake ya redio, cha pili taarabu, cha tatu dansi, cha nne Kurani. Anabonyeza, inapiga. Hiyo ya vitufe ni laki tisa na nusu, malipo nusu mwanzo nusu ukichukua, na kabla hujampa hela mwambie spika zako ni omu ngapi, imeandikwa nyuma ya spika, kwa sababu za omu 4 anaweka pawa saplai kubwa zaidi na koili za kuchuja sauti anazipanga upya.