Toastmasters kwa macho ya ajenti wa bima

Nauza bima ya gharama za mazishi. Hebu jaribu kuwaeleza akina mama wa chama pale Umoja, Jumapili alasiri, chai iko mezani na watoto wanapitapita, kwamba siku moja mmoja wao atafariki, halafu uwaombe saini. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ndiyo iliyonipeleka Toastmasters, vilabu vya watu wanaojifunza kuhutubu. Soma basi ukijua kwamba anayeandika anakula komisheni. Kazi ya MC wa harusi siitafuti.

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayotaka. Ada ya kimataifa ni dola 60 kwa miezi sita, karibu shilingi 7,800, na mwanachama mpya huongeza dola 20 za kuingilia, mara moja tu. Vilabu vingine huweka chao kidogo juu ya hapo cha ukumbi na chai. Mgeni kwa kawaida halipi kitu, kwa hivyo tembelea viwili vitatu kabla hujatoa pesa. Havifanani. Kuna vya makampuni, ambako bosi wako anaweza kuwa amekaa safu ya mbele, na kuna vya watu mchanganyiko: mawakili, wanafunzi, wahasibu, mchungaji mmoja hivi. Nilichukua cha mchanganyiko, karibu na ofisi Upper Hill, ili foleni isinimalize. Tena mkutano ulioandikwa saa kumi na mbili jioni huanza saa kumi na mbili. Hapa Nairobi!

Usitarajie mwalimu. Tangu Ralph C. Smedley aanzishe kundi la kwanza katika YMCA ya Santa Ana, California, mwaka 1924, wanachama ndio hufundishana. Leo unahutubu, wiki nyingine unashika saa, nyingine unahesabu kila "aaa" inayomtoka msemaji, na hesabu hiyo husomwa mbele ya wote. Yangu ilikuwa "sindiyo". Siku hizi hata nikiwa kwenye simu na mteja naisikia ikija, naimeza.

Hotuba ya kwanza, wanayoiita Ice Breaker, ni ya dakika 4 hadi 6. Kadi ya kijani huinuliwa dakika ya 4, ya njano ya 5, nyekundu ya 6, kisha una sekunde 30 za huruma. Sisi mawakala wa bima kadi ya kijani hutukuta bado tunasimulia kampuni ilianzishwa lini.

Lakini pesa yangu ilirudi kwenye kipindi cha Table Topics. Unaitwa ghafla, unatupiwa swali ambalo hukulijua, na una dakika 1 hadi 2 za kujibu ukiwa umesimama. Wengi hukiona kama mchezo wa kuchangamsha kikao. Kwa muuzaji, hapo ndipo kazini hasa. Wasilisho lolote unaweza kulikariri, ila chama kikishakusikiliza huanza kukuhoji. Pale Umoja mama mmoja aliweka kikombe chini akaniambia, "Kijana, umeongea vizuri. Sasa mama mkwe wangu ana miaka themanini na mbili, na karatasi yako inasema mwisho themanini. Nimfanyeje?" Ajenti wengi hapo hukimbilia karatasi na kuanza kusoma vifungu. Nilivuta pumzi, nikatanguliza jibu: "Huyo hataingia, mama. Wewe, mzee wako na watoto mnaingia, na wazazi wako pia kama hawajafika umri huo." Nikanyamaza. Akamgeukia mwekahazina, wakanong'onezana. Baadhi yao walijiandikisha siku hiyo, yeye bado anafikiria.

Kila hotuba ina mtathmini wake, naye hupewa dakika 2 hadi 3. Mmoja, mama mtu mzima anayefanya kazi ya uhasibu, aliniambia nikishataja bei nifunge mdomo, anayefuata kusema awe mteja. Ushauri huo peke yake umenilipia ada.

Shule ya mauzo lakini si hii, wala haijidai kuwa. Kumhoji mteja, kumfuatilia wiki ya pili bila kumchosha, kuomba hundi, hayo utajifunzia barabarani. Hata njia ya masomo inayoitwa Presentation Mastery inakujenga wewe unayesema. Halafu kilabu changu kinaendeshwa kwa Kiingereza, na wateja wangu wanataka Kiswahili chenye Sheng kidogo. Mimi hurudia hotuba ileile nyumbani kwa Kiswahili, simu ikirekodi, mke wangu ameshika saa. Hana sekunde 30 za huruma.

Niliwahi pia kulipia kozi ya wikendi katika hoteli moja Westlands, kwa pesa ambazo zingenitosha miaka kadhaa ya kilabu. Mkufunzi aliongea tangu asubuhi, sisi tukashika maikrofoni kidogo tu kabla ya vyeti. Nyama ya mbuzi, lakini, ilikuwa tamu.

Ada hulipwa upya Aprili na Oktoba. Ukijiunga katikati, unalipia miezi iliyobaki, dola 10 kwa mwezi. Na kama una chama kinachokusubiri, wakati wa chai mtafute makamu wa rais wa kilabu anayesimamia elimu, maana yeye ndiye hupanga ratiba, umwombe nafasi ya kuhutubu kabla ya Jumapili hiyo.