Since U Been Gone ya Kelly Clarkson: nimeisikiliza kwa spika mbovu na kwa nzuri, haya ndo maoni yangu

Mi si mtu wa rock, niseme hivo mapema. Hapa Kampala ukitaka kusikia gitaa la makelele redioni utangoja sana, wiki nzima ni dancehall na kidandali na za Wanaijeria, alafu Jumapili asubuhi wanatuwekea kantri na zile slow za kuliza watu, ndo maana Kelly Clarkson wengi huku tunamjua kwa Because of You, ile ikipigwa kwenye taksi hadi konda anasahau kudai nauli. Sasa hii Since U Been Gone ni ya mtu yuleyule, albamu ileile ya Breakaway iliyotoka 2004, lakini ukizipiga zikifuatana utadhani ni wasanii wawili ambao hawajawahi hata kusalimiana.

Nimekuwa nayo kwenye simu muda mrefu na imepigwa kila mahali, jikoni, kwa boda, kwenye foleni ya Jinja Road jioni, kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyeskia mara moja akakimbilia kuandika.

Wacha nianze na mwanzo wake manake hapo ndo kazi ilipo. Gitaa moja tu, nyuzi zimebanwa na kiganja zisilie sana, linagonga vilevile bila kubadilika, chini yake kuna biti nyepesi imekaa kama ya mashine, na Kelly anaongea zaidi ya kuimba, anamkumbusha jamaa walivyoanza wakiwa marafiki tu. Mtu aliyekulia na kadongo kamu, ule muziki wetu wa Uganda wa gitaa na hadithi, hapo hashtuki hata kidogo, ni kama ile ya marehemu Paul Kafeero, gitaa moja linakusumbua sikio na mtu anatoa malalamiko yake taratibu wewe unategea neno linalofuata. Tofauti ni kwamba Kafeero angekuzungusha na hadithi mpaka chai ipoe, huyu dada hana muda huo, ngoma nzima ni dakika 3 na sekunde 8.

Alafu korasi inaingia. Jamani. Magitaa yanajaa kushoto na kulia kwa mpigo mmoja, dramu zinafunguka, na sauti inaruka juu ghafla bila hodi, yaani yule aliyekuwa anasimulia kwa upole sekunde chache zilizopita saa hii anapiga kelele za furaha. Ndio, furaha, hapo ndo watu wengi hawaisikilizi vizuri, wanadhani ni wimbo wa hasira kwa sababu una magitaa, ila ukifuata maneno huyu mtu anashukuru kuachana, anapumua. Nyimbo za kuachwa tunazo nyingi hapa lakini nyingi ni za kubembeleza mtu arudi, hii hairudishi mtu, hii inafunga mlango na kuweka kofuli.

Na hiyo tofauti ya beti na korasi haikutokea tu, waliipanga. Walioandika na kuiprodyuzi ni Max Martin, yule Mswidi wa Baby One More Time ya Britney na I Want It That Way ya Backstreet Boys, pamoja na Dr. Luke ambaye kipindi hicho alikuwa anapiga gitaa kwenye bendi ya kipindi cha Saturday Night Live. Kuna wimbo wa bendi ya Yeah Yeah Yeahs unaitwa Maps, wa 2003, unapanda unapanda lakini haulipuki, na Dr. Luke ameshaeleza kwamba wimbo wa namna hiyo ndo uliwawasha, wakajiuliza ungekuwaje ukipewa korasi inayolipuka kweli. Ukitaka kuhakiki isikilize Maps kwanza, alafu rudi huku usubiri pale baada ya korasi ya pili ambapo magitaa yanabaki yanakwaruza kwa ukali, undugu utauona mwenyewe. Ngoma ilipelekwa kwa mwimbaji P!nk kabla ya kumfikia Kelly, na Kelly alipoipata akataka magitaa yaongezwe. Alifanya la maana sana huyo mama, manake kumbuka alikuwa ndo mshindi wa kwanza kabisa wa American Idol, lile shindano la uimbaji la TV ya Marekani, 2002, wimbo wake wa ushindi A Moment Like This ni slow ya harusi kabisa, na watu walikuwa wanamngoja aendelee kutoa za hivo mpaka azeeke.

Nina rafiki anapenda chuma chuma, yaani heavy metal, zile bendi za nywele ndefu, yeye anasema hii ni rock ya dukani, imepangwa na watu wa pop kwa kalkuleta. Namkubalia nusu. Kweli imepangwa, hata wenye Grammy wenyewe walipompa tuzo 2006 ilikuwa ya uimbaji bora wa pop kwa wanawake, sio rock. Lakini mi nauliza kupangwa kuna ubaya gani, nyumba nayo inapangwa! Hakuna sekunde inayokaa bure humu, kila ukianza kuzoea kitu kinabadilishwa, na ikiisha kidole kinataka kurudia. Kwenye chati ya Marekani ilifika namba 2. Ile ambayo Max Martin na Dr. Luke walikuja kumwandikia tena 2009, My Life Would Suck Without You, ilifika namba 1 kabisa lakini kwangu haiifikii, kwa sababu ile inaanza ikiwa tayari imechangamka, korasi ikija haina pa kupandia.

Sasa malalamiko. La kwanza ni sauti yenyewe. Wameijaza mno, kwenye korasi kila kitu kiko juu kwa wakati mmoja, ukiwa na hedfoni nzuri unafurahi ila kwenye spika za bei rahisi magitaa na sahani za dramu vinageuka kuwa fyuuuu moja, sauti ya Kelly inaogelea humo ndani. Mi nakala yangu ya kwanza niliwekewa kwenye memori kadi na jamaa wa kibanda cha kupakia nyimbo, ilikuwa imebanwa mpaka imekwisha, nikajua ndo ilivyo mpaka siku nilipoiskia YouTube kwenye akaunti yake mwenyewe. Kwa hiyo tumia bando lako uchukue ya kweli, na uangalie usipewe ile rimiksi ya klabu ya Jason Nevins, si mbaya kwa kucheza ila magitaa yenyewe ndo tuliyafuata.

La pili, besi. Sisi huku tunapenda besi ya kugonga kifua, hapa hamna, besi inafuata gitaa tu kimyakimya. Ukiipiga kwenye kipati katikati ya dancehall watu watakaa chini kunywa soda, nimeliona hilo kwa macho. La tatu ni beti ya pili, maneno yake mepesi, muulize hata anayeipenda akuimbie hayo maneno atarukia korasi.

Video sina la kusema sana, anaingia nyumbani kwa jamaa na kuvunjavunja vitu vyote. Dada yangu alipoiona akasema huyo angekuwa mtaani kwetu mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, angeshaitwa kabla hajafika chumbani.

Nyota naipa 4 kati ya 5. Kwa mtu ambaye hajawahi kusikiliza rock na anaiogopa ndo ya kuanzia hii, kwa mtu wa chuma chuma usiikaribie utanitukana bure.

Na kwa nyie mnaopenda karaoke neno moja. Hii ngoma ni mtego. Beti iko chini, kila mtu anaiweza, unapanda jukwaani unajiona staa, marafiki wameshatoa simu wanarekodi, alafu korasi inakuja na sauti haipo. Nimeona wadada wawili watatu wakifia hapo kwenye baa moja ya upande wa Ntinda, na mwanaume mmoja mwenye sauti nene aliyeamua kuiimba yote chini, watu wakacheka mpaka akarudisha maiki. Kwa hiyo mwambie DJ akushushie ki, yaani wimbo wote ushuke chini kidogo, kabla hujaanza, ukingoja korasi ndo umwoneshe kwa mkono ashushe, shauri yako.