Karakana iliyonichongea bushi za usukani: uzoefu wangu

Sitaitaja karakana yenyewe, lakini yaliyotokea nitayasema yote, maana tulikaribia kumgonga mtu ziwani kwa sababu ya ubishi wa msimamizi mmoja.

Boti yangu ni ya tanga, ya faibagilasi, ya zamani. Bushi mbili, yaani pete zinazoshika shafti ya usukani, ya juu na ya chini, zilikuwa zimelika. Tukitia nanga usiku, usukani ulikuwa ukigonga kila wimbi likipita, na ukishika kana, ule mkono wa kuongozea usukani, unausikia mgongano huo mpaka kwenye kiwiko. Tulipoipandisha boti mchangani kule Katonga, Kigoma, mdogo wangu alishika ncha ya usukani akausukuma huku na huku, mimi nikitazama pale shafti inapoingia kwenye bodi. Ilikuwa inacheza waziwazi. Kuutoa usukani ndiko kulikotutoa jasho, kwa sababu shafti hutoka kwa kushuka chini, kwa hiyo inabidi uchimbe shimo chini yake, na karibu na ziwa kila ukichota mchanga maji yanarudi. Tulichimba mpaka kiunoni. Hilo silalamikii hata kidogo.

Nilikwenda mjini na shafti, bushi za zamani na karatasi ya vipimo. Niliomba asetali, ile plastiki ngumu inayojulikana kwa jina la Delrin, na nikaeleza sababu. Naironi hunywa maji. Ikikaa majini muda mrefu, naironi ya kawaida hufyonza hadi kama asilimia 9 ya uzito wake, na ikishafyonza huvimba. Bushi imezungukwa na bomba, haina pa kuvimbia kwa nje, basi huvimbia ndani na kuikaba shafti. Asetali haifikishi hata asilimia 1. Nikasema kama haipo, basi wachonge naironi na kuacha nafasi ya kutosha, ile niliyoiandika.

Msimamizi hakuipokea karatasi. Alimgeukia mdogo wangu, ambaye hakuwa amefungua mdomo, akamwambia, "Kijana, mweleweshe dada yako. Bushi inayocheza si bushi." Nikamwambia boti ni yangu, azungumze na mimi. Akanitazama. "Dada, sisi tunachonga bushi za malori hapa. Kiboti kitatushinda?"

Kiboti! Mtu anasema hivyo Kigoma, mji ambao meli ya Liemba ilishushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Katika mji huu, fundi chuma anayedharau chombo cha majini anadharau wateja wake. Na lori halilali majini. Bushi ya lori ikibana vizuri ikiwa kavu, itabana hivyo hivyo kesho. Ya boti kesho yake ni nyingine.

Nilipozifuata, kusema kweli zilipendeza. Kazi ya mashine ilikuwa safi, shafti ikaingia kwa mkono, ikazunguka bila kuyumba. Nikauliza, ni asetali? Akajibu, "Ndiyo hiyo, dada, nyeupe hiyo." Asetali nyingi ni nyeupe. Naironi nayo ni nyeupe. Nikalipa, na siku hiyo mngeniuliza, ningewapa sifa zote.

Mwanzoni usukani ulikuwa mwepesi. Baadaye ukaanza uzito, kila siku kidogo. Kisha alasiri moja, tukipita Bangwe kurudi ndani ya ghuba, upepo umeshika tanga, mtumbwi ukatokea mbele yetu na wavuvi wawili wanakunja wavu. Nikasukuma kana. Haikwenda. Mdogo wangu akaja, tukasukuma wote wawili, ikasogea kidogo sana. Wale wavuvi walikuwa wanapiga kelele na sisi tunapiga kelele. Ilibidi tuachie tanga lote lipigepige hewani ndipo boti ikapoteza mwendo, tukapita karibu kiasi cha kuwaona macho. Boti ya injini ya Kibirizi ndiyo iliyotuvuta mpaka ufukweni. Nawashukuru, hawakutaka hata shilingi.

Nikarudi karakana. Msimamizi, kabla sijamaliza salamu: "Umepaka grisi mbaya."

Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa kwenye mashine ya kukereza, nyuma kabisa, akazima mashine na kuniita. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniomba bushi. Alikwangua kipande chembamba, akakichoma kwa kiberiti, akaninusisha. Harufu ya nywele zilizoungua. "Naironi, mwanangu," akasema. Asetali ikiungua harufu yake ni kali, inachoma pua na macho, huwezi kukosea. Akaniambia nizirudishe zote ndani ya ndoo ya maji, zisikauke, azichonge zikiwa zimeshavimba ili kipimo atakachotoa kiwe ndicho kitakachokaa. Aliisoma karatasi yangu mstari kwa mstari na kuuliza maswali. Hakuna mtu pale ndani aliyewahi kufanya hivyo.

Leo kana inasogea kwa vidole viwili, na usiku usukani haugongi. Kwa hiyo nikiulizwa kama karakana hiyo inajua kazi, nitasema inajua, tena sana. Nilikuwa nimeanza kufikiri niwasamehe. Halafu msimamizi akaniandikia bili ya pili, "marekebisho", kwa kosa alilolifanya yeye na uongo alioniambia yeye. Nikamwambia arudishe tofauti ya asetali niliyolipia na naironi aliyonipa. Akamgeukia tena mdogo wangu.

Mwenye boti akinipigia nitamwelekeza kwa yule mzee, na nitamwambia achome kipande kabla ya kulipa. Jasho la mzee nilimpa mkononi mwake. Bili ya pili wananidai mpaka leo, na silipi.