Chaja ya Simu Kwenye Gari: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache Dukani

Jirani yangu anaendesha teksi ya mtandao hapa Dar es Salaam. Gari lake ni Toyota IST, na ndani amefunga redio ya Android yenye skrini kubwa. Kwa mwezi mzima alikuwa analalamika kwamba redio inaumwa: ramani inakatika katikati ya safari, simu inajitoa kwenye skrini na kurudi yenyewe, na jioni akifika nyumbani simu ina asilimia sita ilhali imeshinda kwenye chaji. Fundi wa kwanza aliiflashi redio, tatizo likabaki palepale. Fundi wa pili akamshauri anunue redio nyingine.

Nilipokaa naye ndani ya gari nikaona waya mmoja mrefu, umelegea shingoni, unatoka kwenye tundu la USB la redio hadi kwenye simu. Waya huo mmoja ulikuwa unabeba muziki, ramani na chaji. Tukauweka pembeni. Tukachomeka chaja nzuri kwenye tundu la kuwashia sigara, na simu tukaiacha iongee na redio bila waya. Redio ikapona bila kuguswa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue chaja gani ya gari, naanza na hili: tenganisha chaji na mawasiliano. Mengi tunayoyaita matatizo ya programu kwenye magari ya siku hizi yanaanzia kwenye umeme: simu inapata umeme kidogo kuliko inaoutumia, inapata joto, inapunguza kasi, waya unayumba, na skrini inapoteza mawasiliano. Halafu tunamlipa fundi aguse kitu ambacho hakina kosa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tundu la USB 2.0, ambalo ndilo lililoko kwenye redio nyingi, kwa kiwango chake hutoa ampea 0.5 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Betri ya simu ya mAh 5,000 hubeba karibu wati-saa 19. Ukigawanya unapata zaidi ya saa saba na nusu, tena simu ikiwa imezimwa na hakuna kinachopotea njiani. Sasa washa kioo, washa data, washa ramani, weka na hotspot ili redio icheze YouTube. Chaji itashuka mbele ya macho yako na alama ya umeme ikiwaka pale juu.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyozipanga, kuanzia ninayoinunua kwanza.

1. Chaja ya tundu la sigara yenye USB-C, PD na PPS

Hii ndiyo ya kwanza, na kwa watu wengi ndiyo pekee wanayoihitaji. Tundu la kuwashia sigara lina nguvu ya kutosha. Kwenye Toyota nyingi kifuniko chake kimeandikwa 12V 120W, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo.

PD ni lugha ambayo chaja na simu hutumia kukubaliana volti ngapi zipite. PPS ni nyongeza yake inayoruhusu volti zipande na kushuka kidogo kidogo kadiri betri inavyotaka, na hilo hupunguza joto ndani ya simu. Samsung zinazochaji kwa wati 25 zinahitaji PPS ili zifike hapo. Bila PPS zitachaji, lakini polepole zaidi. iPhone inatosheka na PD ya wati 20 au zaidi. Oppo, Xiaomi, Tecno na Infinix nyingi zina mfumo wao wenyewe wa chaji ya kasi, kwa hiyo simu iliyoandikwa wati 45 inaweza kupokea pungufu ya hapo kwenye chaja ya kampuni nyingine. Usiirudishe chaja kwa sababu hiyo. Kama inakuvukisha safari na asilimia zinapanda, inafanya kazi yake.

Dukani usisome namba kubwa ya mbele ya boksi. Geuza boksi, tafuta maandishi madogo ya Output. Ukiona 9V 3A kwenye tundu la USB-C, hizo ni wati 27, na kwa simu moja zinatosha kabisa. Ukiona neno PPS likifuatwa na kitu kama 3.3–11V, nunua. Boksi likiwa limeandikwa 66W mbele huku nyuma kila tundu lina mgawo wake, ujue ile 66 ni jumla. Abiria akichomeka simu yake upande wa pili, yako inapunguziwa.

Angalia pia upande wa Input. Iandikwe 12–24V kama kuna siku utaipeleka kwenye lori au basi, maana magari makubwa mengi yanatumia volti 24, na chaja ya volti 12 pekee inaweza kuungua humo siku hiyohiyo.

Waya ununue pamoja na chaja, na uwe mfupi, mita moja au pungufu. Waya mwembamba wa mita mbili unapoteza umeme njiani hata chaja iwe nzuri namna gani. Kwa simu yenye tundu la USB-C chukua waya wa C kwa C. iPhone nazo zimehamia USB-C tangu iPhone 15 ya mwaka 2023, kwa hiyo waya mmoja siku hizi unaweza kuihudumia familia nzima.

Majina ninayoyaamini kwenye rafu ni Anker, Ugreen na Baseus, na Oraimo kwa sababu inapatikana karibu kila mji. Shida ni kwamba hayo ndiyo majina yanayoigwa. Kariakoo, mtaa wa Aggrey, utazikuta halisi na feki meza moja na meza ya pili yake. Mimi huwa namwomba muuzaji tutoke pamoja hadi kwenye gari kabla sijalipa. Mwenye mali nzuri hakatai. Nawasha gari, nachomeka, natazama kioo cha simu: kama lugha ni Kiswahili, Android itaandika "Inachaji kwa kasi". Ikiandika "Inachaji" tu, nabadilisha waya kwanza, kisha chaja.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi, na hakihitaji kifaa chochote. Washa redio ya FM, tafuta kituo ambacho hakishiki vizuri sana, halafu chomeka na uchomoe chaja. Kama kila ukichomeka kituo kinajaa mikwaruzo au kinapotea, chaja hiyo ni ya ovyo ndani, haina vichujio vya kuzuia mawimbi. Nimeziacha chaja kadhaa mezani kwa kipimo hiki peke yake, na baadhi zilikuwa na boksi zuri kuliko hii ninayoitumia leo.

2. Tundu la USB-C la kufungwa kwenye dashibodi

Kwa dereva anayeshinda barabarani kuanzia alfajiri, hii inakaribia ile ya kwanza. Magari mengi ya Kijapani yana vibati vitupu pembeni mwa usukani, mahali ambapo matoleo ya juu yangekuwa na swichi. Kuna matundu ya USB yanayoingia hapo barabara kama yalikuja na gari. Hayalegei kwa mashimo ya barabara, na tundu la sigara linabaki wazi kwa pampu ya upepo.

Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu ya fundi tu. Asikate waya wowote akaunganisha kwa gundi ya nailoni. Mwambie achukue moto kutoka kwenye boksi la fyuzi, upande unaozimika ukitoa funguo, na aweke fyuzi yake peke yake. Akichukua upande ambao hauzimiki, tundu litanyonya betri usiku kucha, na gari lililokaa wiki uwanja wa ndege linaweza lisiwake.

3. Kishikio cha sumaku kinachochaji bila waya

Kwa raha yake kingekuwa cha kwanza. Unaweka simu, inakamata, unaondoka. Joto ndilo linaloniudhi. Kuchaji bila waya hupoteza umeme mwingi zaidi kama joto, na joto hilo linatokea mgongoni mwa simu, palipo na betri.

Nilijifunza nikielekea Dodoma. Kishikio nilikibandika kwenye kioo cha mbele, ramani inawaka, simu inaongea na redio bila waya, jua la saa saba linapiga moja kwa moja. Karibu na Chalinze kioo kikafifia, kisha ukaja ujumbe kwamba chaji imesimama mpaka joto lishuke. Nilipoishika simu ilikuwa kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike mahali pasipozidi nyuzi joto 35, na dashibodi yetu mchana inazidi hapo bila shida. Nilikihamisha kishikio mbele ya tundu la kiyoyozi, upepo baridi ukawa unapiga mgongo wa simu, na mpaka Dodoma hakikusimama tena.

Ukinunua, chukua cha Qi2 (kiwango cha chaji ya bila waya), chenye wati 15 na sumaku inayoilazimisha simu ikae katikati. iPhone nyingi kuanzia 12 zina sumaku ndani. Android nyingi zinahitaji kava lenye pete ya sumaku. Na hakikisha kwanza kama simu yako inakubali chaji ya bila waya, kwa sababu nyingi za bei ya kati hazina kabisa. Kama gari lina bamba lake la kuchajia, usiweke sarafu juu yake, na ufunguo wa kielektroniki ukae mbali nalo.

4. Pawabenki

Ni ya akiba: gari likizimika porini, simu iwepo. Lakini shuka nayo. Gari lililofungwa vioo juani ni mahali pabaya pa kuacha betri ya lithiamu, na ikishavimba usiichaji tena hata mara moja.

5. Tundu la USB la gari lenyewe

Halina gharama, na kwa data ndilo sahihi. Magari ya karibuni yenye matundu ya USB-C yanaweza kutoa wati 15 au zaidi, na hapo huenda huhitaji kununua chochote. Soma kitabu cha gari au jaribu kwa nusu saa ramani ikiwaka: asilimia zikipanda, pesa yako ibaki mfukoni. Mara nyingi kunakuwa na matundu mawili, moja lenye alama ya simu au muziki kwa data, jingine la chaji tu.

6. Chaja zenye FM za kucheza muziki

Zile fupi zenye taa, zinazouzwa hadi kwenye foleni, zinapokea Bluetooth na kurusha muziki kwenye redio. Nyingi zimeandikwa 3.1A, na hiyo ni jumla ya matundu mawili. Tena redio ya asili ya magari mengi ya Japani hukamata FM ya 76 hadi 90 MHz, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Kama redio haijafungwa kigeuzi cha masafa, una nafasi finyu sana ya kuirushia muziki, na humo mjini kuna vituo tayari. Kwa chaji sizipendekezi.

7. Inveta

Hugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, na inafaa kwa kompyuta mpakato. Kwa simu unapandisha volti 12 hadi 230 halafu unazishusha tena hadi 9, na kila hatua umeme unapotea.

Kabla hujamwita fundi wa redio

Simu inachaji lakini Android Auto au CarPlay (programu za kuleta simu kwenye skrini ya gari) haifunguki: huenda waya wako una nyuzi za umeme tu, hauna za data. Waya wa namna hiyo nje hautofautiani na mwingine. Jaribu ule uliokuja na simu.

Bluetooth inaunganika na kukatika: futa gari kwenye simu, kisha futa simu kwenye gari, pande zote mbili, ndipo uunganishe upya. Watu wengi hufuta upande mmoja na kushangaa. Ikiwa shida ilianza baada ya simu kusasishwa, sasisha na programu ya Android Auto yenyewe.

Skrini imeganda: egesha, shikilia kitufe cha kuwashia redio kwa sekunde 10 hadi 15. Redio nyingi hujiwasha upya hivyo.

Kwa gari lililotoka Japani na redio yake ya asili kuna hatari moja kubwa. Betri ya gari ikichomolewa, redio nyingi za Toyota hujifunga na kudai namba ya kufungulia, na maelezo yote yako kwa Kijapani. Kadi ya SD ya ramani ikitolewa, skrini inaweza kukataa kufanya kazi mpaka irudi. Kwa hiyo fundi akitaka kuchomoa betri ili "kureseti" redio kwa sababu tu simu haiingii chaji, mzuie kwanza. Na kadi ile usiifute uweke nyimbo, hata kama ramani ya Japani haikusaidii kitu.

Mwisho, chaja ikifa ghafla, pima kwanza tundu kwa chaja nyingine. Zote mbili zikigoma, fungua boksi la fyuzi chini ya usukani, tafuta iliyoandikwa CIG au P/POINT. Mara nyingi ni ya ampea 15, ya bluu. Iinue kwenye mwanga: kawaya ka katikati kakiwa kamekatika, weka nyingine ya ampea zilezile, usipandishe. Sarafu iliyodondokea ndani ya tundu inatosha kuikata, kwa hiyo mulika humo kwa tochi kabla hujaweka mpya.