GnuCash kwa mfanyabiashara wa dola na shilingi: hili dirisha dogo nalipenda

Oya wadau karibuni tena, leo GnuCash, programu ya mahesabu ya biashara. Ni ya bure, inakaa kwenye laptopu, mambo ya kuinstoo nayaruka maana mnayajua, mimi nataka muone kitu kimoja tu hapa.

Chukulia una duka Kariakoo, mzigo wako uko Guangzhou, msapulaya anataka dola 1,000. Benki wamekukata shilingi 2,640,000. Mtandaoni wanakwambia dola moja ni shilingi 2,600, sawa, lakini hiyo siyo hela iliyotoka kwako! Sasa cheki, nipo kwenye akaunti ya shilingi, naandika 2,640,000 imetoka, imeenda akaunti ya dola, enta... haya, dirisha limeruka lenyewe. Lina sehemu mbili, Exchange Rate, yaani bei ya kubadilisha hela, na To Amount, yaani kiasi kinachofika. Wengi wanakimbilia hiyo ya kwanza, na hapa inataka shilingi moja ni dola ngapi, yaani 0.000378 na mikia yake huko. Ukichoka ukaandika 0.00038, ona, imesoma dola 1,003.20! Dola tatu na senti ishirini zimetoka wapi? Hizo ndo zinakukeshesha mwisho wa mwezi unatafuta hela ambayo haijawahi kuwepo. Futa. Nenda To Amount, andika 1,000, basi, bei inajipigia hesabu yenyewe. Yaani huyu aliyeweka hii kitu apewe soda.

Na kuna mtu ataniandikia "kaka dola si imepigwa marufuku", hapana bwana, kanuni za Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa dola humu ndani Tanzania, msapulaya wa China hahusiki hapo, bado atataka chake.

Sasa QuickBooks Online, programu nyingine ya mahesabu, nayo najua mtaniuliza, ile faida na hasara ya kupanda na kushuka kwa dola inakupigia yenyewe, hapo imeiacha GnuCash mbali, ila ukishawasha Multicurrency, ile ya kutumia hela za nchi zaidi ya moja, hamna kuzima tena, so usibonyeze kwa kujaribu jaribu. Xero, nayo ya mahesabu, vifurushi vya chini hiyo Multicurrency hukuti kabisa, lazima upande juu, na unalipa kila mwezi, kwa duka dogo mi naona ni ghali.

GnuCash kinachoniudhi ni hiki, Trading Accounts, ile inayokupigia faida na hasara ya dola yenyewe, inakuja imezimwa, na wameificha, File, Properties, halafu Accounts, ndo unaweka tiki. Bila hiyo faida na hasara ya dola unaandika kwa mkono mwenyewe. Kwa nini lakini? Mtu ana akaunti ya dola, si muiwashe tu! Kwa hiyo nilikuwa naenda kusema ni bora kuliko zote, ngoja nipunguze, ni bora kwa asiyetaka kulipa na ana mhasibu wa kumuuliza.

Jumapili tupo live, tutafanya ya yuani, hela ya China, sabskraibu, na kwenye komenti niandikie benki yako dola wanakukata shingapi leo.