Kipoza maji cha prosesa: ununue kipi ukiwa Tanga

Mwenye kompyuta ya Ryzen 5 5600 asihangaike na kipoza maji, yaani kile chenye pampu inayosukuma maji kwenye mipira yabebe joto la prosesa hadi kwenye rejeta yenye feni. Prosesa hiyo imepangiwa wati 65, na kipoza cha mnara, kile cha mapezi ya chuma kisicho na maji, chenye feni moja nzuri kinaimudu bila taabu. Feni ikifa, unatembea kidogo hapo Ngamiani unapata nyingine ya milimita 120. Pampu ya kipoza maji ikifa, mashine inalala mpaka kipya kije na basi kutoka Dar. Lifikirie hilo kabla hujauliza bei.

Ila kama unahariri video kutwa kwa Core i9-14900K, inayofika wati 253, hapo maji yanastahili pesa yako. Jua tu kwamba kipoza kinahamisha joto, hakitengenezi baridi. Kikionyesha nyuzi 75 kwa mtu wa Ulaya aliyekaa kwenye chumba cha nyuzi 21, wewe kwenye nyuzi 32 za msimu wa kaskazi tegemea 86 hivi.

Namba moja kwangu ni Arctic Liquid Freezer III yenye rejeta ya milimita 360. Waranti yake ni miaka 6, na pampu ndiyo inayokufa, kwa hiyo miaka hiyo ina maana. Rejeta ni nene, milimita 38. Ongeza feni za 25, unahitaji nafasi ya 63. Chukua rula upime kasha kabla hujatuma hela, nimeshaona rejeta inagota kwenye RAM. Kwa Intel ya soketi LGA1700, yaani kiti cha prosesa kwenye mazabodi kama cha hiyo 14900K, utafungua pia fremu ya kiwandani inayobana prosesa na kuweka ya Arctic. Nenda taratibu: pini za soketi zikipinda, mazabodi imekwenda.

Namba mbili ni ndugu yake wa 240, kwa prosesa kama Ryzen 7 7700X na kasha la kawaida.

Rejeta ya 120 naiweka mkiani, mnara mzuri unaishinda. Cha mtumba usikiguse kabisa: maji hupenya kwenye mipira kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na vingi havijazwi tena.

Wakati wa kufunga, rejeta ikae ndani ya kasha, upande wa juu. Hewa iliyomo ndani ya maji ya kipoza hupanda mahali pa juu kabisa. Pampu ikiwa ndiyo ya juu, itaimeza, utaisikia inagugumia, na haitadumu.

Halafu kuna chumvi. Mteja wangu wa Raskazone aliweka mashine chini ya dirisha linalotazama bahari. Nilipotoa feni nikakuta vumbi limeshikana na unyevu kama ukoko wa wali, skrubu zimeota kutu. Nikasugua mapezi ya rejeta kwa mswaki laini, nikapuliza kwa blowa. Prosesa iliyokuwa inagonga nyuzi 95 ikarudi 82. Mashine ameihamishia ukuta wa pili, na mswaki anao mwenyewe, anasafisha kila mwezi.