Pango la Noeli la mpingo, Mwenge: msiache Mamajusi

Jamani mnaotafuta pango la Noeli zuri, zile sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, nendeni Mwenge, Dar es Salaam, kwenye soko la vinyago. Mi nimechukua seti ya mpingo kwa fundi mmoja mle ndani na nimeridhika mno, ila kilichonifanya nitoe hela ni Mamajusi, wale wageni waliomletea mtoto Yesu zawadi.

Seti nyingi utakuta wafalme watatu na mataji yao, sura moja wote. Wa huyu fundi hawana taji hata mmoja, kawavalisha suruali na zile kofia zenye ncha inayolalia mbele, vilevile kama walivyochorwa kwa vijiwe ukutani kwenye kanisa la Ravenna kule Italia karne ya 6, yaani Waajemi kabisa, na mi naona ndo inavyotakiwa, maana Mathayo sura ya 2 hasemi wafalme wala hasemi watatu, anasema Mamajusi wa mashariki basi, na mamajusi walikuwa makuhani wa Umedi na Uajemi, watu wa nyota na ndoto. Utatu tumeupata kwenye zawadi, dhahabu, uvumba na manemane, na majina ya Gaspar, Melchior na Balthazar yamekuja karne nyingi baadae. Nikamuuliza fundi anaweza kuniongezea wa nne? Akasema dada angu hata kumi nakuchongea.

Mzee wao sasa! Ndevu kazitoa kwenye ule weupe wa pembeni wa mpingo, hakuna rangi iliyopakwa, mti wenyewe umegeuka pale kidevuni. Mkononi kashika kikopo chenye kifuniko kinachofunguka kweli, nimemwekea punje mbili za ubani wa Kariakoo.

Kasoro ni ngamia, mmoja mguu uliungwa kwa gundi, nilivyorudisha kanibadilishia bila maneno. Bei alianzia laki mbili na nusu tukamalizana laki na themanini. Nenda na kitambaa cheupe kibichi usugue chini ya kinyago, kikitoka cheusi hiyo ni rangi ya viatu, achana nayo, mpingo wenyewe mzito hadi majini unazama.

Nyumbani Mamajusi siwaweki horini na wachungaji, kwa Mathayo walimkuta mtoto ndani ya nyumba, kwahiyo wanaanzia mbali kule kwenye kabati la vyombo nawasogeza kidogokidogo mpaka Epifania, sikukuu ya Mamajusi kufika kwa mtoto, tarehe 6 Januari, na watoto ndo wanagombania zamu ya kuwasogeza. Mamajusi peke yao pia anauza, ila muwahi kuagiza kabla ya Desemba, ikifika hapo oda zinamzidi.